Hakuja Kutuonyesha Majani

Tangu nistaafu, vijana wa idara ya udongo wamekuwa wakija kwangu hapa Butembo kuniuliza mambo ya kazi, na kila mara mazungumzo yanakatizwa na mvua, na kukatika kwa umeme au na mgeni. Basi nimeamua kuandika. Vyeo sitaviandika, kwa kuwa vilikuja vimechelewa na havikunifundisha kitu. Mishahara nayo naiacha. Mwalimu wa Kongo akianza kueleza mshahara wake, msomaji atadhani ni hadithi ya kubuni. Nitaandika kazi yenyewe, na nawaandikia hasa ninyi ambao bado mnaambiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba sayansi si mahali penu.

Siku ya kwanza nilifika chuoni hapa Butembo nikitoka kumaliza masomo ya kilimo Kisangani, nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Mlinzi wa lango aliniuliza kama nimekuja kwa ile nafasi ya sekretari. Nikamwambia hapana, mimi ni assistant mpya, yaani mwalimu msaidizi, wa somo la udongo. Akacheka kwa adabu, akanipeleka kwa sekretari mzee, na huyo naye akanionyesha mashine ya kuandikia na kunieleza kwamba utepe wake hukwama upande wa kushoto. Asubuhi ilikwisha kabla mtu hajanifikisha maabara. Huko nikakuta jengo zima lina choo kimoja, na mlangoni pameandikwa Messieurs. Nikauliza wanawake wanakwenda wapi. Mwenzangu mmoja akajibu, bila ubaya wowote, kwamba hawajawahi kuwa na sababu ya kulifikiria hilo. Niliingia katika choo kile kile, nikatia komeo, na nikaendelea kukitumia kwa miaka mingi. Waliotaka kubisha hodi walibisha.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Profesa Paluku, mzee mrefu wa Lubero, mkimya, aliyeamini kwamba mtu hajui udongo mpaka amechafua shati. Siku ya pili alinikabidhi tarière. Ni chuma kirefu chenye mpini wa kuzungusha juu na ncha iliyojikunja chini, nacho hutoboa ardhi na kutoa sampuli ya udongo ulioko ndani. Tulikwenda kwenye mteremko wa Rughenda, nje kidogo ya uwanja wa ndege. Wanafunzi wa kiume walisimama kutazama jinsi nitakavyoshindwa.

"Hapana tumia mikono," Paluku akaniambia. "Tumia uzito. Uzito uko nao."

Siku nyingine ningekasirika kuambiwa nina uzito, lakini siku ile niliyapokea maneno hayo kama baraka. Niliegemea mpini, nikazungusha, na chuma kikazama. Baadaye alinifundisha kulowesha udongo kiganjani na kuuvingirisha mpaka uwe kama uzi: ukikatika mapema una mchanga, ukikubali kupindwa ukawa pete una mfinyanzi mwingi. Alinifundisha pia kuandika lebo za mifuko kwa penseli, maana wino hutoroka na mvua. Hata leo nikimwona mtafiti anaandika lebo kwa kalamu ya wino najua hajawahi kunyeshewa.

Paluku hakuwa malaika. Asubuhi aliweza kunitetea kwenye baraza la kitivo, na mchana, mbele ya watu wale wale, akaniomba niwachemshie chai. Nilimjibu kwamba chai naichemsha vizuri sana nyumbani. Alifikiri kidogo, akainuka, akachemsha mwenyewe. Ilikuwa chai mbaya. Tuliinywa yote, na habari hiyo haikurudi tena.

Kwa kuwa sikuachana na chuma kile, wanafunzi walinibatiza Mama Tarière. Jina langu ni Kahambu, lakini hapa mjini hata wauza sombe, majani ya muhogo, sokoni hawalitumii.

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza, Doyen wa wakati ule, yaani mkuu wa kitivo chetu, alitangaza kwamba mwanamke anayenyonyesha asiende kwenye mazoezi ya mashambani. Aliita hilo ulinzi. Mwaka huo darasani kulikuwa na wanafunzi wawili wenye watoto wachanga, na bila mazoezi ya mashambani hakuna aliyeruhusiwa kupanda kwenda mwaka unaofuata. Ulinzi wa namna hiyo nimeuona sana katika maisha yangu: unakulinda mpaka unakosa diploma. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikawaambia wale wawili wafanye vivyo hivyo, tukapanda gari pamoja na wengine hadi Kalunguta. Wamama wa kule walituona tukitoboa mashimo na watoto mgongoni na hawakushangaa hata kidogo, kwa sababu wao hulima hivyo maisha yao yote. Mmoja alikuja kuwashika watoto bila kuombwa. Tuliporudi, Doyen aliniita ofisini. Nilimwomba anisomee sheria inayosema kwamba udongo unaharibu maziwa. Aliitafuta, hakuipata, na wanafunzi wale wawili wakapanda mwaka.

Hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Kazi ngumu kuliko zote ilinijia nikiwa mtu mzima tayari, Profesa Paluku amekwisha kuzikwa kwao Lubero, na maabara iko mikononi mwangu. Ilikuja na msichana aitwaye Tabita.

Tabita ni Mumbuti, wa wale watu wa pori ambao sisi wengine tumezoea kuwadharau. Wazazi wake waliishi pembeni ya shamba la kakao la mtu mwingine, upande wa Mbau, wakilifanyia kazi shamba hilo na kulipwa chakula kadiri mwenye shamba alivyopenda. Masista wa Kikatoliki walimchukua akiwa mdogo, wakamweka internat, yaani shule ya bweni, na akakulia huko, kati ya vitanda vya chuma na kengele za sala, mpaka akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari. Masista hao hao wakamlipia masomo kwetu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kukasirika na mzito wa kusamehe. Naandika hivyo kwa sababu watu wanapowasimulia wanafunzi kama yeye huwafanya wapole wote, na Tabita hakuwa mpole.

Katika zoezi la kwanza la maabara niliwaambia wanafunzi wajigawe makundi. Walijigawa. Tabita akabaki amesimama karibu na sinki, peke yake. Niliuliza sababu. Binti mmoja wa mjini, mtoto wa watu wema kabisa, akanijibu kwa aibu kwamba hawana chuki naye, ni vile tu, hawajazoea. Neno hilo nililijua. Mimi pia watu walikuwa hawajanizoea. Niliwaamuru wote wasimame ukutani, nikawagawa kwa herufi za majina yao.

"Barafiki mutachagua ku sikukuu," nikawaambia. "Mu laboratoire ni mimi nachagua."

Tangu siku ile hadi nilipostaafu hakuna mwanafunzi aliyejichagulia kundi katika maabara yangu. Nawaomba muendelee hivyo. Ni kitu kidogo, hakihitaji mradi wala semina.

Mwisho wa mwaka Tabita alianguka kemia. Doyen mpya alikuwa Profesa Nzanzu, mtu mwerevu, mkarimu, msemaji mzuri, na hapa sitaki mumwone kama shetani. Watu waliotufungia njia hawakuwa mashetani. Wengi walikuwa watu wenye tabasamu. Aliniita akaniomba nimwongezee Tabita pointi chache. Wageni wa ufadhili walikuwa wanakuja, na alitaka wakute chuo chetu kina Mumbuti anayefaulu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba pointi za bure ni njia ya heshima ya kumfukuza mtu, kwa sababu atapita mlango huu na kuangukia unaofuata, na wote watasema tulijua kwamba hawezi. Nzanzu akaniambia nina moyo mgumu. Inawezekana.

Kisha Tabita mwenyewe akaja. Nilidhani atalia. Alikuwa amekasirika, lakini si juu ya pointi.

"Mama," akasema, "burette nimeiona mara ya kwanza ku examen. Ku internat sista alikuwa anaichora na chaki."

Burette ni lile bomba jembamba la kioo ambalo hudondosha dawa tone kwa tone, na mtihani mzima ulikuwa juu yake. Nilijisikia nimepigwa kofi, si na yeye, bali na shule zetu zote za milimani ambako kemia hufundishwa ubaoni kama katekisimu. Nikabandika tangazo: kila Jumamosi asubuhi maabara iko wazi kwa yeyote ambaye hajawahi kushika chombo. Nilimtazamia Tabita na labda wawili watatu. Wakajaa mpaka kwenye veranda. Watoto wa wafanyabiashara, watoto wa maofisa waliotumwa huku kutoka majimbo mengine, hata waliomcheka matokeo ya mtihani yalipotoka. Karibu wote walikuwa wamejifunza burette ya chaki. Walikuwa wameficha tu. Tabita alirudia mtihani akapita kwa alama isiyong'aa, lakini ilikuwa yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyeweza kumnyang'anya.

Miaka ikapita akafika mwaka wa mwisho. Wakati huo chuo kilipata mradi wa utafiti kutoka nje: kujua kwa nini udongo chini ya kakao upande wa Mbau unachoka mapema. Nzanzu ndiye aliyeuongoza. Katika kikao cha kwanza alitugawia kazi, na alipofika kwa Tabita alifurahi kweli. Alisema Tabita ataiingiza timu kwa watu wa kwao na kutuonyesha majani ya porini na majina yake.

Tabita akasema, "Profesa, majani mimi sijue sana. Nilikulia ku internat."

Watu wakacheka. Nzanzu naye alicheka, akauliza Mumbuti asiyejua pori atajua nini basi.

"Fosfori," Tabita akajibu. "Nataka kupima fosfori."

Fosfori ni chakula cha mmea kilichomo udongoni, na kuipima ni kazi ya maabara, ndefu, ya subira. Nzanzu alianza kueleza kwa upole kwamba kuna vijana wa kemia kwa kazi hiyo, na kwamba kila mtu alete utajiri wa kwao. Hapo nikaomba neno.

"Tabita hakuja kutuonyesha majani," nikasema. "Alikuja kusoma udongo, sawa na bengine bote."

Nzanzu akanijibu kwamba ninamnyima binti utamaduni wake. Nikamkumbusha kwamba babu yake mwenyewe alichunga mbuzi Lubero, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba atuonyeshe mbuzi. Nzanzu akaandika upya orodha yake. Tabita alipewa fosfori.

Tulikwenda Mbau katika majuma ambayo barabara ilikuwa wazi. Kwenye kizuizi kimoja askari alitushusha. Alikuwa mtu wa jimbo la Équateur, amechoka, koti lake la mvua limepasuka begani. Aliitazama tarière akaiogopa.

"Mama, oyo nini?" akauliza kwa Lingala.

Nilimweleza kwamba ni chombo cha kutobolea udongo. Hakuamini, kwa kuwa chuma kirefu cha namna hiyo katika nchi hii kina maana nyingine. Kisha akamwonyesha Tabita kwa kidole na kuuliza huyu mtoto anafuata nini. Nikasema si mtoto, ni mtafiti. Akatutazama mimi na yeye kama tunamtania. Tabita aliichukua tarière mikononi mwangu, akaenda ukingoni mwa barabara, akaegemea mpini na kuzungusha, akautoa udongo na kuupanga juu ya gunia kwa mpangilio, mweusi wa juu mpaka mwekundu wa chini. Askari akachuchumaa. Aliuliza kama udongo wa namna hiyo unakubali kakao, maana kwao baba yake ana shamba. Tabita alimweleza kwa Kiswahili cha polepole mpaka askari wenzake wakaanza kumwita. Askari huyo alitufungulia kizuizi mwenyewe. Tuliporudi jioni alikuwa amebadilishwa, na yule aliyempokea alitusumbua kama kawaida.

Halafu barabara ikafungwa. Sitaeleza habari za vita. Nanyi mnaishi humu. Itoshe kusema kwamba watu wa upande ule walikimbia, na kwa muda Tabita hakujua wazazi wake wako wapi. Alitoka Butembo akaenda Beni kuwatafuta, na alipowapata kwenye kiwanja cha kanisa, mama hai, baba hai lakini mgonjwa, alikaa nao mpaka walipopata pa kulala. Alipokuwa huko kitivo kilitaka kumfuta kwa utoro. Nilisimama barazani nikauliza ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukimbia. Hakuna aliyeinua mkono. Jina lake likabaki.

Aliporudi nilimwambia apumzike. Akasema akipumzika atafikiri, na akaingia maabara. Katika kupima fosfori unaongeza dawa kwenye maji yaliyotolewa udongoni, na maji yanageuka buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo fosfori ilivyo nyingi. Alisimama mbele ya safu za chupa hizo wiki baada ya wiki, umeme ukienda na kurudi, akirudia kila sampuli ambayo hakuiamini. Nilimwona akimwaga kazi ya siku nzima kwa sababu maji hayakuwa safi. Sikumwamuru. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yangu kwake imekwisha.

Mwaka uliofuata Nzanzu aliandika makala ya kupeleka kwenye jarida la nje, akatupatia tusome na kutia saini. Majina ya waandishi yalikuwa juu: lake, langu, la assistant wetu Kasereka, na la mtu wa Kinshasa ambaye udongo wa Mbau aliuona kwenye picha. Jina la Tabita nililitafuta ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa mwishoni, katika shukrani, baada ya madereva, kwamba tunamshukuru kwa kutuongoza kwa moyo kati ya jamii yake.

Nilikwenda kwa Nzanzu nikamwambia sitatia saini. Jarida lilitaka saini za waandishi wote, na yeye alijua hivyo. Aliniomba nisiharibu sifa ya chuo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Alisema Tabita atapewa kazi ya kusafisha vyombo vya maabara, kazi ya kudumu, na watu wake watafurahi. Alisema pia, na naamini aliamini alichosema, kwamba jina la Kimbuti katika jarida litawafanya wageni watilie shaka vipimo. Nikamwambia alete hoja hiyo barazani aiseme kwa sauti.

Hakuisema. Barazani alisema habari za utaratibu. Nilidai Tabita aitwe, kwa kuwa ni kazi yake inayozungumzwa. Aliingia akasimama nyuma ya kiti alichopewa, hakukaa. Nzanzu akamweleza kwa maneno mazuri kwamba shukrani ni heshima kubwa, na kwamba wapo watafiti wakubwa walioanzia hapo.

Tabita akasikiliza mpaka mwisho.

"Profesa," akasema, "mimi hapana kuongoza mutu. Ni mimi nilipima. Kama mu ile namba iko makosa, bataita nani?"

Nzanzu akageuza ukurasa wa makala.

"Nataka baite mimi," Tabita akasema, na akaomba ruhusa ya kutoka.

Nimekaa katika mabaraza maisha yangu yote, na nimesikia hotuba nyingi juu ya usawa katika sayansi, zenye vichwa vya Kifaransa na mapumziko ya chai. Hakuna iliyoeleza jambo hilo vizuri kuliko msichana yule. Wenzake waliotaka majina yao yawe juu walitaka sifa. Yeye alitaka lawama iweze kumfikia.

Baraza liliamua makala iende ilivyo. Nikasema saini yangu haimo. Ndipo Kasereka, kijana mwoga, aliyeoa juzi na ambaye mkataba wake ulikuwa unangojea kupitishwa na Nzanzu, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye hatasaini. Makala ikakwama. Ninamtaja kwa sababu mimi nilikuwa mzee, nisingepoteza mengi. Yeye angepoteza.

Malipo hayakuchelewa. Mkataba wa Kasereka ulikaa mezani muda mrefu. Mimi niliondolewa maabara, nikapewa kuwafundisha wanafunzi wapya katika ukumbi mkubwa ambao spika yake haifanyi kazi. Walidhani wamenifungia. Lakini wanafunzi wapya ni mia kadhaa, na kila mmoja wao alijua kabla ya Pasaka kwa nini Mama Tarière hayuko tena na tarière, maana waliponiuliza niliwaambia. Wafadhili nao walipouliza makala iko wapi, niliwaambia pia, kwa barua fupi yenye jina langu chini. Tabita katika muda huo alitetea kazi yake ya mwisho mbele ya jury, jopo la watahini, akapita, na akaenda kufundisha sekondari Beni, karibu na wazazi wake.

Ilichukua muda mrefu, lakini Nzanzu alichoka kabla yangu. Makala ilitoka, jina la Tabita likiwa la pili. Nzanzu alikuja kunionyesha mwenyewe, akitabasamu, akitazamia niridhike. Nilimwambia lilipaswa kuwa la kwanza. Nasema hivyo mpaka leo. Msije mkafundishwa kwamba ukipewa nusu ya haki yako ni lazima ushukuru kama uliyepewa yote. Chukua hiyo nusu, na uendelee kudai.

Kwa makala hiyo, nafasi ya assistant ilipotangazwa, Tabita aliomba kama watu wote, akafanya mtihani kama watu wote, akaipata. Kasereka, ambaye mkataba wake ulikuwa umepita hatimaye, ndiye aliyemkabidhi ufunguo wa maabara.

Siku ya kuniaga walinipa kitenge na hotuba. Msemaji alinisifu kuwa mama wa huruma, aliyewafungulia mlango wanyonge. Nilipopewa nafasi ya kujibu nilisema kwamba huruma nilikuwa naiacha nyumbani, pamoja na watoto wangu, ambao nao waliilalamikia kuwa ni kidogo. Chuoni sikuwahi kumfungulia mtu mlango. Mlango ulikuwa wao; nilichofanya ni kugombana na waliokuwa wameuegemea. Baadhi ya watu walipiga makofi. Waliokuwa mbele walitazama saa.

Kuna jambo moja zaidi, la baada ya kustaafu. Asubuhi moja alikuja nyumbani kwangu mfanyabiashara mkubwa wa saruji na mabati, mtu wa Kanisa, anayejulikana mji mzima. Mtoto wake alikuwa ameanguka somo la udongo. Aliweka gunia la mchele mlangoni, akakaa, akaulizia afya yangu na ya wajukuu wangu, na mwisho akasema nimsaidie kuzungumza na yule binti, alegeze kidogo.

"Binti gani?" nikamwuliza.

"Ule Mumbuti wenu."

Nikamwambia mtu wa jina hilo simfahamu. Alijaribu jina la Tabita. Nikasema Tabita ni jina la nyumbani, na yeye mfanyabiashara si mtu wa nyumbani kwao Tabita. Ni mtu ambaye kila ofisi ya mji huu humletea kiti. Nikamweleza namna ya kufanya: aende chuoni, apande ngazi, abishe hodi ofisini kwake, aseme bonjour, Assistant, kisha aeleze shida yake. Akanijibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwomba Mumbuti kitu chochote. Nikasema mimi ni pensionné, mstaafu tu, sina namna nyingine.

Alikwenda. Tabita alinisimulia kwamba mtu yule alisimama mlangoni, akavua kofia, akasalimu kama nilivyomfundisha. Tabita alimpa kiti. Alimfungulia karatasi ya mtoto wake, swali kwa swali, akamwonyesha palipokosewa na kwa nini. Alama haikubadilika, na mtoto atarudia mwaka.

Mchana mfanyabiashara alirudi kwangu kuchukua gunia lake, ambalo nilikuwa nimekataa kuliingiza ndani. Alikuwa amekasirika kweli, jasho limemtoka, hakutaka kukaa.

"Mama Tarière," akasema, "ule Assistant wenu ni mukali sana."

Nilimjibu wasingya, ambayo kwa Kinande ni asante, nikamshikia mlango ili apite na gunia lake.